Tuzo ya Mama Tumeiona, Mdoli Bado Uko Kabatini

Makamanda, Februari 2025 Rais Samia alikabidhiwa tuzo ya Goalkeepers ya Taasisi ya Gates kwa sababu ya kupungua kwa vifo vya akina mama wanaojifungua. Takwimu wote mnaijua, maana imerudiwa mpaka watoto wa shule wameikariri: vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa afya wa 2015/16, hadi 104 katika utafiti wa 2022. Kwenye grupu letu la WhatsApp kamanda mmoja alikesha akizibishia zile namba. Mimi sikumfuata huko. Nilifungua ripoti ileile ya serikali, nikashuka chini kidogo, kwenye mstari ambao jukwaani sijausikia.

Mstari huo unahusu watoto wachanga, wale wanaokufa ndani ya siku 28 za kwanza. Mwaka 2010 walikuwa 26 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Utafiti wa 2015/16 ukakuta 25. Wa 2022 ukakuta 24. Miaka kumi na miwili, tumeshuka namba mbili. Na kati ya tafiti hizo mbili za mwisho, wanawake wanaojifungulia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Yaani mama kaitikia wito. Kahimizwa aache kuzalia nyumbani, kaacha. Kafunga kanga zake na beseni lake, kapanda bodaboda usiku, kafika leba. Mtoto bado anakufa, na sasa anakufia mikononi mwetu.

Sisemi kwamba wote wanakufa kwa sababu ya nesi. Wapo wanaozaliwa njiti, wapo wanaopata maambukizi, na wapo wale ambao mama zao wametoka mbali, kata kama Mafizi kule Kisarawe, ambako gari la wagonjwa likiharibika hadithi imekwisha. Lakini lipo kundi kubwa la watoto wanaozaliwa wametimia, wazito, hawana kasoro yoyote, ila hawapumui. Hao wana dakika moja. Wakunga wanaiita dakika ya dhahabu. Ndani ya hiyo dakika mtu anatakiwa amkaushe mtoto, amsugue mgongo, kama bado kimya amkate kitovu, amlaze kichwa kikae sawa, amfunike pua na mdomo kwa kile kibarakoa cha mpira na kuanza kuminya mfuko wa hewa, huku akiangalia kama kifua kinapanda. Kisipopanda, arekebishe kichwa, aanze tena. Kuyaandika haya kumenichukua muda mrefu kuliko muda ambao mtoto anao.

Sasa swali langu la leo ndilo hilo: yule nesi aliyesimama pale, mikono yake iliyajulia wapi?

Ninaye rafiki yangu anayesoma shahada ya uuguzi kwenye chuo kimoja Dar. Chuo sikitaji. Mwaka wa tatu alipangiwa fildi kwenye kituo cha afya huku Pwani, nacho sikitaji. Usiku wa wiki ya kwanza akabaki leba na mkunga mmoja tu, na wakina mama wawili wakajifungua kwa kupishana dakika chache. Wa kwake akatoka kimya. Anasema alizijua hatua zote. Alizikariri kwa ajili ya mtihani na alipata A. Lakini ule mfuko wa hewa ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuushika ukiwa na mtoto chini yake, na hakujua kwamba ukibonyeza kibarakoa kwa nguvu unakisukuma kidevu chini na hewa haipiti. "Nilikuwa naminya, kifua hakipandi, nikawa naminya kwa nguvu zaidi." Mkunga, mama mtu mzima, akamwacha mzazi wake akaja, akamsogeza kwa kiwiko, akarudisha kichwa cha mtoto nyuma kidogo, akaminya mara tatu, mtoto akalia.

Nilimuuliza, chuoni hamkufanya mazoezi? Akacheka. Chuoni kwao kuna mdoli wa kujifunzia. Mmoja, darasa la wanafunzi zaidi ya sitini. Uko kabatini, ufunguo anao mwalimu mmoja, na ukitolewa ni siku ya onyesho: mwalimu anaonyesha, wanafunzi wa mstari wa mbele wanaona, wa nyuma wanapiga picha kwa simu. Siku ukaguzi ukija, mdoli unafutwa vumbi na kulazwa mezani. Sababu ya kuufungia ni kwamba usije ukaharibika. Hebu fikirieni: kifaa kilichotengenezwa ili kikoseewe, kikoseewe, kikoseewe tena, kinalindwa kisikoseewe.

Mimi nasoma sheria, na hapa ndipo nilipoanza kuona aibu kwa niaba ya nchi. Sisi tuna mahakama ya kuigiza. Tunavaa majoho, tunapewa kesi ya kutunga, mwalimu anakaa kama jaji na anatukata kauli katikati ya sentensi mpaka ulimi unakauka. Nikitaja kifungu kisichohusika, mteja wangu hafungwi, maana hayupo. Narudi bwenini nalia kidogo, kesho narudia. Pamoja na hayo yote, mnakumbuka mwaka 2022 wanafunzi 26 tu kati ya 633 walipofaulu moja kwa moja pale Shule ya Sheria kwa Vitendo. Nchi nzima ilipiga kelele, waziri akaunda kamati, Dk. Mwakyembe akaiongoza. Vizuri kabisa. Lakini wakili mbovu unaweza kumkatia rufaa. Nesi ambaye hakuandaliwa vizuri anaajiriwa, anapangwa zamu ya usiku peke yake, na wala hakuna kamati.

Tena tusijidanganye kwamba nchi yetu haina mazoezi kwa vitendo kwenye uuguzi. Yapo. Yanafanyika kwa mwanamke wa Kisarawe. Mtu anachomwa kanula mara nne na wanafunzi wanne, anapimwa njia na vidole vya watu watatu, na hakuna aliyemwambia, mama, huyu ni mwanafunzi, anajifunza, unaridhia? Mke wa mkubwa hafanyiwi hivyo, kwa sababu mke wa mkubwa hazalii kule. Mwanafunzi lazima ajifunzie kwa wagonjwa, hilo halina ubishi, na mgonjwa akiombwa kwa heshima mara nyingi anakubali. Ninachokataa ni yule mama kuwa wa kwanza. Mtu wa kwanza awe wa plastiki.

Sasa ngoja niwaambie kitu ambacho kitawaudhi baadhi yenu: jambo hili Tanzania tunalijua kuliko nchi nyingi duniani. Ushahidi umetoka kwetu. Kuanzia 2009 hospitali nane za hapa nchini zilifundisha wakunga kwa mpango unaoitwa Helping Babies Breathe, wakitumia mdoli wa mtoto mchanga ambao unaujaza maji ya uvuguvugu ili uwe na uzito na ulegevu wa mtoto kweli. Matokeo yalichapishwa 2013: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kwa asilimia 47. (Kampuni ya Norway inayoutengeneza, Laerdal, iliwahi kuwa kiwanda cha vitu vya kuchezea watoto, kwa hiyo ukisikia mtu anadharau midoli mwambie hivyo.)

Lakini utamu uko Haydom, hospitali ya Kilutheri kule Mbulu, Manyara. Wale hawakushangilia haraka. Walifundisha wafanyakazi siku moja, wakawapima kwenye mdoli, wakafaulu. Kisha wakaenda leba wakasimama kuangalia watoto halisi wanavyohudumiwa, wakakuta hakuna kilichobadilika. Somelea hapo: semina ya siku moja, posho, cheti, picha ya pamoja, na leba ileile. Mfumo wetu mzima wa mafunzo kazini umejengwa juu ya kitu ambacho Haydom walithibitisha 2013 kwamba peke yake hakifanyi kazi.

Walichofanya baada ya hapo hakikuhitaji jengo. Waliuweka mdoli palepale wodini, kila mtu akafanya zoezi la dakika tatu hadi tano kila wiki, katikati ya kazi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Hayo yalichapishwa 2015. Baadaye mpango ukakua, ukaongezwa mazoezi ya kuzuia mama kutokwa damu (kuna kifaa ambacho mkufunzi anakivaa tumboni, anacheza mama, na damu ya bandia inatoka kweli mpaka umkande kizazi sawasawa), ukapelekwa kwenye vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Februari 2025, mwezi uleule wa tuzo, jarida la kitabibu la New England likachapisha matokeo. Vifo vya watoto, wale waliofia njiani wakati wa uchungu pamoja na waliofariki siku ya kwanza, vilitoka 15.3 vikafika 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Vya akina mama navyo vikashuka sana.

Sitaki kuwa yule mpinzani anayepinga hata mvua. Wizara ya Afya ilikuwemo kwenye mpango huo, na wanastahili pongezi. Ila mtu wa Pwani nimeisoma ile orodha ya mikoa mitano mara mbili. Sisi hatukuwemo.

Na Pwani siyo mkoa wa pembeni kwenye historia hii. Kibaha ndiyo palipofanyika lile jaribio la mwaka 1962, Tanganyika ikitia saini na nchi za Nordiki, Denmark, Finland, Norway na Sweden, kujenga mahali pamoja shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 tukakabidhiwa, likawa Shirika la Elimu Kibaha. Kile kituo cha afya ndicho kilichokua kikawa Tumbi, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, ambayo kila ajali ya Barabara ya Morogoro inaijua mlango. Ukiwa kwenye daladala kutoka Mbezi kwenda Kibaha unapita Mloganzila, kwenye kampasi na hospitali ya Muhimbili. Chuo cha afya Kibaha kipo. Wanafunzi wa vyuo vya Dar wanamwagwa fildi huku kila mwaka. Yaani kama kuna mahali pa kuamua kwamba hakuna mwanafunzi wa uuguzi, wa shahada wala wa stashahada, atakayegusa mzazi kabla hajaokoa mdoli mara hamsini, ni hapa.

Najua jibu: bajeti. Kwanza, ule mdoli wa kawaida wa kujaza maji, siyo ile ya kompyuta, bei yake haifiki matairi manne ya shangingi. Sizungumzii vyumba vya vioo na sanamu zinazopepesa macho. Chuo kikubwa kikizipata, sawa. Pili, sehemu kubwa ya mazoezi haya haihitaji kununua kitu. Sindano watu wamejifunzia kwenye machungwa tangu zamani. Mtoto wa kitambaa anashonwa na fundi yeyote pale sokoni Kisarawe. Na lipo zoezi ambalo mimi ningelianza kesho asubuhi: mwanafunzi mmoja alale kitandani awe mzazi, mwenzake awe nesi, wa tatu awe bibi aliyekuja kumsindikiza, mkaidi, anayetaka mjukuu wake anyweshwe dawa yake kwanza. Halafu yule nesi aongee nao mpaka waelewane, bila kufoka. Kila mwanamke wa mkoa huu anayo hadithi yake ya maneno aliyotupiwa leba. Ukilala wewe kwenye kile kitanda mara moja, miguu juu, mwenzako akakufokea kwa kuigiza tu, ulimi wako hautakuwa uleule ukifika wodini. Sijui kwa nini tunadhani stadi ni sindano tu na maneno yanakuja yenyewe.

Kuna mahali mdoli unaishia, nakiri. Mdoli hauogopi. Hauna ndugu waliosimama dirishani. Umeme haukatiki ukiwa nao, labda ukiwa na mwalimu mjanja akauzima makusudi. Na mwanafunzi aliyeiva kwenye mdoli akifika kituo ambacho mfuko wa hewa umepasuka na kibarakoa cha mtoto hakipo, atasimama na ujuzi wake mikononi. Kwa hiyo hili haliondoi madai yetu ya vifaa na ajira.

Kwenye ajira hasa kuna jambo halisemwi. Mtaani kwetu wapo wahitimu wa uuguzi wanaokaa miaka miwili, mitatu, wanauza vocha na mitumba, wakisubiri tangazo. Siku likitoka, anapangiwa zahanati ya kijijini, na wiki inayofuata yuko peke yake na mzazi. Haydom walionyesha kwamba ujuzi wa siku moja hausafiri hata kutoka chumba cha mafunzo mpaka leba. Wa miaka mitatu iliyopita utasafiri? Hakuna sababu yoyote Tumbi na hospitali za wilaya zisiwe na meza ya mazoezi ambayo muuguzi asiye na ajira anaruhusiwa kuja mara moja kwa wiki, bure, ajikumbushe. Hiyo ni meza, mdoli, na ruhusa.

Mtaniuliza, kamanda, sisi tuko kwenye Katiba Mpya wewe umetuletea midoli? Haya, twende kwenye Katiba. Uganda, wanawake wawili, Sylvia Nalubowa na Jennifer Anguko, walifariki wakijifungua, mmoja 2009 mwingine 2010. Shirika la CEHURD na familia zao wakaenda Mahakama ya Katiba 2011. Mwaka 2012 wakatupwa nje, wakaambiwa hayo ni ya kisiasa, siyo ya mahakama. Wakakata rufaa Mahakama ya Juu, 2015 ikairudisha kesi isikilizwe. Agosti 2020 wakashinda. Mahakama ikasema serikali imevunja haki kwa kutotoa huduma za msingi za uzazi, na kati ya amri zake ikataka watumishi wote wanaotoa huduma hiyo wapewe mafunzo kamili. Mafunzo ya mkunga yakawa amri ya mahakama. Miaka tisa, lakini yakawa.

Kwetu? Katiba ya 1977, ibara ya 14, inatupa haki ya kuishi na hifadhi ya maisha kutoka kwa jamii. Haki ya afya kwa jina lake, kama Wakenya walivyoiandika ibara ya 43 ya Katiba yao ya 2010, haimo kwenye haki za msingi tunazoweza kuzidai mahakamani. Elimu na ustawi vimewekwa kwenye sehemu ya malengo, na ibara ya 7 inasema malengo hayo mahakama haiwezi kuyasimamia. Juu ya hapo, 2020 Bunge likabadilisha sheria ya utekelezaji wa haki za msingi: anayefungua shauri akatakiwa aeleze jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Kwa sharti hilo, shirika kama CEHURD lingekuwa limekwama mlangoni. Ukiniuliza Katiba Mpya ni ya nini, sitakujibu kwa wimbo. Nitakuonyesha njia iliyofunguka Kampala na iliyofungwa Dodoma.

Wakati tunaidai, kuna sheria ndogo ambayo haihitaji Bunge la Katiba. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 inalipa Baraza la Uuguzi na Ukunga mamlaka juu ya viwango vya mafunzo na leseni. Kanuni inaweza kuandikwa: saa kadhaa za mazoezi ya kuigiza kabla ya fildi, idadi ya juu ya wanafunzi kwa kila mdoli, mtihani wa mikono mbele ya msahihishaji wa nje ya chuo, na chuo kisichotimiza kisidahili. Vijana wa sheria tulioko kwenye jumuiya hii tunaweza kuiandaa rasimu na kuipeleka wizarani na muhuri wa chama juu. Wakiikataa, wataikataa kwa maandishi.

Na kwa makamanda wa matawi ya Kibaha na Kisarawe, kazi iko karibu zaidi. Kila halmashauri ina Mpango Kabambe wa Afya, na kila kituo kinapokea fedha kwenye akaunti yake na kina kamati yenye wananchi ndani. Ombeni kuiona hiyo mipango. Tafuteni neno mazoezi ya wakunga. Mkiliona, angalieni kama fedha ni za mdoli wa kukaa wodini au za semina hotelini. Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza, kwa hiyo nendeni watatu watatu, na daftari. Swali la kumpa diwani wenu aliulize ni moja, na msimruhusu alirefushe: kwenye leba za halmashauri hii mdoli wa mtoto uko wapi, na ufunguo wa kabati anao nani?